Baba wa Upande Huu wa Ruvuma

Sikuwahi kumtafuta baba yangu mpaka siku karani wa ofisi ya wilaya pale Lindi aliponiambia kwamba bila baba, chuo cha ualimu nitakisikia redioni. Alisema hivyohivyo, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai. Barua yangu ya kuitwa chuoni alikuwa ameilalia kwa kiwiko. Mbele yake palikuwa na daftari la shule niliyoanzia darasa la kwanza, na kidole chake kilikuwa kimesimama kwenye mstari wangu. Jina la baba: limeandikwa jina la mjomba wangu. Mahali alipozaliwa baba: ng'ambo ya Ruvuma.

“Na mama yako kazaliwa wapi?”

“Ng'ambo pia.”

Akanieleza sheria, na nakiri alinieleza vizuri, maana mpaka leo naikumbuka. Aliyezaliwa Tanganyika kabla ya Uhuru, na mzazi wake mmoja naye kazaliwa Tanganyika, huyo siku ya Uhuru aliamka raia hata kama alilala bila habari. Lakini aliyezaliwa hapa na wazazi wake wote wawili wametoka nje, alitakiwa aende kujiandikisha, na mlango wa kujiandikisha ulishafungwa zamani.

“Siku ya Uhuru nilikuwa na miaka mitano,” nilisema.

“Angekuja mzazi wako.”

“Lakini huyu si baba yangu. Huyu ni mjomba. Baba yangu ni mtu wa huku, wa Kiranjeranje.”

Akanitazama kama ninayemletea samaki wa jana. “Miaka yote hii ni baba, leo kwa sababu ya chuo amekuwa mjomba?” Kisha akanipa wiki tano. Nimlete baba mwenyewe, au mtu mzima wa damu yake aje aape kwamba baba alizaliwa upande huu wa Ruvuma na kwamba mimi ni mtoto wake. Wiki ya tano ikiisha, barua inarudi na nafasi anapewa mwingine.

Lazima niseme hapa kwamba mjomba hakudanganya siku ile aliponipeleka shule. Watu wengi niliowasimulia habari hii wamemwita mwongo, nami hugombana nao. Mwalimu alimwuliza, “Mtoto huyu ni wa nani?” Yeye akajibu, “Wangu.” Kwa Wamakonde wa ng'ambo, wale ambao mjini Lindi waliwaita Wamawia, na jina hilo mara nyingi lilitupwa mtu kama ganda la ndizi, mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mwenye mtoto ni kaka wa mama. Ndiye anayemwingiza mtoto jandoni au unyagoni, ndiye anayemsemea mbele ya wazee, ndiye anayelia kwanza akifa. Baba ni mtu wa kushukuriwa, akikaa vizuri analishwa vizuri, lakini ukiuliza mtoto ni wa nani hutajiwi yeye. Basi mwalimu akaandika jina la aliyesema “wangu” mahali pa baba. Akauliza amezaliwa wapi, na mjomba akamtajia kwao kwa kifua mbele. Wote wawili walifanya kazi yao kwa uaminifu, na kwa uaminifu wao mimi nikakosa nchi.

Niliporudi nyumbani, mtaa wa Mtanda, nilimkuta mama anakaanga vitumbua vya jioni. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu siku zile ilikuwa haina adabu. Nikamwuliza papo hapo, mafuta yakiwa yanachemka, “Baba yangu yuko wapi?”

Mama alikuwa mwanamke wa maneno machache. Kwao alikuwa amevalishwa ndonya, kile kijiti cha mdomo wa juu wanachovaa wanawake wa Kimakonde, na alipokuja kuishi mjini akakitoa. Tundu likabaki. Alizoea kulifunika kwa upindo wa khanga kila anapozungumza na mtu wa nje, na siku ile, kwa mara ya kwanza, alilifunika akizungumza na mimi.

“Alikwenda kumzika mamaye,” alisema. “Ulikuwa unaanza kutambaa. Alisema siku kumi.”

Kidogokidogo nikamtoa mengine. Walikutana kwenye shamba la mkonge nje ya Lindi, ambako mama na mjomba walikuja kutafuta kazi wakiwa vijana, miongoni mwa vibarua wa mkataba walioitwa manamba. Baba alikuwa akilisha majani kwenye mashine ya kuchambua mkonge, na mashine ile ilimla dole gumba la mkono wa kushoto. Kwao ni kijiji cha ndani, mwendo wa nusu siku kutoka Kiranjeranje. Jina la kijiji alilijua, jina la baba wa baba alilijua, basi.

“Na hukumtafuta?”

“Ningekwenda kwa watu wale na mdomo huu?” alisema mama, akageuza kitumbua.

Nilikuwa na miaka kumi na minane na sikuona kwamba hilo ni jibu. Nililia mbele yake kwa uchungu wa nafsi yangu tu. Nilimwambia kwamba wasichana waliomaliza kidato cha nne kutoka Mtanda tunahesabika kwa vidole, kwamba nimesoma kwa kibatari na matusi ya “Mmawia” yakinifuata hadi mlango wa darasa, na sasa nitakaa nikaange vitumbua kwa sababu yeye aliona haya. Asubuhi nilikuta amenifungia nguo mbili na vitumbua kwenye khanga yake nzuri.

Nilisubiri gari siku kadhaa, mwisho nikapanda lori lililokuwa likirudi Kilwa tupu. Barabara ya Lindi hadi Kilwa miaka ile ilikuwa barabara kwa jina, na nilifurahi nilipoona mto Mbwemkuru una maji ya magotini tu, maana mvua zilikuwa karibu na watu kwenye lori hawakuzungumza jambo jingine. Mto ukijaa, upande wa Kilwa na upande wa Lindi hauonani. Nilihesabu: wiki moja imekwisha.

Kiranjeranje nilitaja jina la kijiji cha baba kwa mzee muuza chumvi. Akacheka bila furaha. “Mwanangu, kijiji hicho hakipo. Kimehamishwa.”

Nilijua habari za kuhamia vijiji vya ujamaa. Shuleni tuliimba nyimbo zake, na mimi niliimba kwa sauti kubwa, maana niliziamini na baadhi yake naziamini bado. Ila nilikuwa sijafikiria kwamba kijiji kinachohamishwa kinaweza kuwa kile ninachokitafuta. Muuza chumvi akaniambia watu wa kule walipelekwa sehemu mbili, wengine huku na wengine kule, kutegemea lori lililowachukua. Nani alipanda lori lipi, hajui.

Nikaanza na kijiji cha karibu nilichoelekezwa. Vibanda vimepangwa mstari, nyasi za mapaa bado mbichi, na kila mlango mtu amekaa kana kwamba anasubiri aambiwe arudi kwao. Balozi wa nyumba kumi alinipokea vizuri, akanizungusha mlango kwa mlango, na kila mlango nikataja jina lake na maneno yaleyale: shikamoo, namtafuta mtu, hana dole gumba la kushoto, alifanya kazi ya mkonge. Mwanamke mmoja alifikiri namdai. Mwingine alinieleza habari ndefu ya mtu asiye na mguu. Nikakaa pale siku nne kwa sababu balozi alisema kuna mzee amekwenda shamba la zamani kuangalia mikorosho yake, huyo ndiye anayewajua wote. Mzee akarudi, akanitazama, akasema hamjui mtu huyo. Asiyekuwapo na lake halipo, ndivyo wasemavyo, na baba yangu alikuwa hayupo kwa namna ambayo hata jina lake liliwachosha watu kulisikia.

Usiniulize nilivyofika kijiji cha pili. Nilitembea. Miguu ilivimba, na njiani mvua ya kwanza ilinyesha, nikakaa chini ya mti nikaitukana ile mvua kama mwehu. Akilini nilikuwa naona mto unajaa. Wiki ya tatu ilikuwa imeanza.

Kule mtoto wa kwanza niliyemwuliza alinipeleka moja kwa moja kwa mwanamke mmoja aliyekuwa akimenya muhogo mbele ya kibanda chake. Nikampa shikamoo. Akasema marahaba bila kuinua macho, halafu akainua, akanitazama usoni muda mrefu, akatazama na mikono yangu.

“Umefuata nini, mwanangu?”

Mficha uchi hazai. Nilimweleza yote, kuanzia karani hadi tundu la mdomo wa mama. Yeye akaendelea kumenya. Nilipomaliza kueleza, muhogo wake ulikuwa umekwisha, na bado kisu kilikuwa kinakwangua kwenye kipande kile kile mpaka kikawa chembamba kama penseli.

“Kaka yangu alirudi hana dole gumba,” alisema. “Mimi ni shangazi yako.”

Ningependa kuandika kwamba tulikumbatiana. Hatukukumbatiana. Nilimwuliza tu, “Yuko wapi?” ingawa nilishaliona jibu kwenye kisu.

Akaniambia. Baba alifika, akamzika mama yake, na siku ya kuondoa matanga akawaambia wazee kwamba ana mke na mtoto kule kwenye mkonge, anataka kuwaleta. Wakamwuliza mke ni wa wapi. Alipowaambia, wakakataa. Mwanamke wa kutobolewa mdomo haingii kwetu, wakasema. Shangazi naye alikuwa miongoni mwa waliosema. Baba akasema basi anarudi kwa mkewe. Wakamshika, leo hiki na kesho kile, lima kwanza hapa, vuna kwanza pale, mpaka mvua kubwa zikaanza na Mbwemkuru ukafunga njia. Akiwa hapo akaugua homa.

“Siku ya mwisho,” alisema shangazi, “alikuwa anauliza kama mto umepungua. Kila aliyeingia alimwuliza. Mimi nilimwambia umepungua, kesho utavuka. Ulikuwa haujapungua.”

Nilimchukia mwanamke yule. Naandika hivi kwa sababu ni kweli, na kwa sababu amekwisha kufa na nilikuja kumpenda. Miaka kumi na saba mama yangu alikaa akiamini kwamba ameachwa kwa ajili ya mdomo wake, na ingawa sasa nilijua hakuachwa, ni kweli kwamba mdomo ndio uliomtenga. Sikujua nimpelekee habari ipi kati ya hizo mbili.

Nikaomba nioneshwe kaburi. Kesho yake asubuhi tukaenda, shangazi mbele na panga lake, mimi nyuma. Kijiji chao cha zamani kilikuwa kimebaki kuta bila mapaa, maana mapaa yaliteremshwa ili watu wasirudi. Mikorosho ilikuwa imezaa na hakuna wa kuokota. Shangazi alikuwa akinionesha: hapa kwa fulani, hapa msikiti, hapa ndipo mimi nilipozaliwa na baba yako alipozaliwa, chumba hicho hicho. Nikasimama ndani ya chumba kile kisicho na paa. Nilikuwa nimepata mahali alipozaliwa baba, upande huu wa Ruvuma, na yalikuwa magugu mpaka kiunoni.

Makaburini shangazi alipotea. Kila mwaka, mwezi wa Shaabani, alikuwa akija kufagia kaburi la kaka yake kabla ya mfungo, lakini tangu wahamishwe alikuwa hajarudi. Moto wa nyikani ulikuwa umepita na kuunguza miti aliyoitumia kama alama, na baada ya moto nyasi zikafunika kila kitu. Akafyeka hapa. Akafyeka pale. Akasema, “Ni hapa.” Akarudi nyuma hatua mbili. “Au pale. Subhana'llah, mimi ndiye niliyemfukia, nimempoteza vipi?”

Nilipiga magoti katikati, kati ya hapa na pale, nikasoma Fatiha nikilia, bila kujua namsomea nani. Shangazi alikaa chini kwenye majivu na nyasi, akalia kwa sauti kama aliyefiwa siku ile ile. Tuliporudi njiani akasema atakuja Lindi, ataapa.

Akaongeza jambo, na nilipaswa kulisikiliza zaidi. “Nitakuapia kwamba u mtoto wa kaka yangu. Lakini usidhani umepata ukoo. Sisi watu wa kabila la Wamachinga nasi mtoto ni wa kwa mamaye. Kwetu utakuja, utakula, utalala. Mwenyewe wako ni mjomba wako. Usimwache.”

Nikaitikia tu. Akili yangu ilikuwa mtoni.

Tuliuvuka Mbwemkuru kwa kamba na kwa kusukumwa na vijana wa lori, maji kifuani, shangazi akisoma kila dua anayoijua. Tulifika Lindi zimebaki siku sita. Mama alimwona shangazi mlangoni, akajifunika mdomo. Shangazi akaenda akamshika mkono ule wenye khanga, akauteremsha. Jioni nilisikia wanazungumza jikoni, na nadhani ndipo mama alipoelezwa habari za mto, maana alitoka na macho mekundu akaniuliza kama nimekula.

Ofisini shangazi aliapa kwa Msahafu. Karani akaandika, akasoma, akalitazama tena daftari la shule.

“Sasa mtoto huyu ana baba wawili,” alisema. “Mmoja wa kiapo na mmoja wa daftari. Siwezi kumfuta huyu wa daftari mimi. Aje mwenyewe aseme hapa mbele yangu kwamba huyu si mwanawe.”

Nilitoka pale nikiwa mwepesi. Nilidhani lililobaki ni dogo kuliko yote. Nikamtumia mjomba ujumbe Kitomanga, alikokuwa na shamba lake la mikorosho, na siku ya tatu akafika Mtanda asubuhi, amevaa shati lake la sikukuu. Alikuwa na chale za kwao usoni, mistari ya zamani iliyotiwa makaa, na alipokuwa akitabasamu mistari ile ilifunguka kama jamvi. Mimi aliniita “mama”, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake mzazi. Alinisalimu hivyo siku ile pia. “Mama, umekonda.”

Nilimweleza anachotakiwa kusema. Tabasamu likaondoka.

“Hilo siliwezi,” alisema.

“Mjomba, ni maneno ya ofisini tu.”

“Maneno ni maneno. Mtoto wa dada hakanwi mbele za watu. Ukimkana amekufa. Mimi nikisema neno hilo, nitakwenda kuwaambia nini wazee wangu nikiwamwagia unga? Kwamba yule mwenye jina la mama yetu, niliyemleta kila mwaka mkamjua, nimemtoa?”

Yeye, tofauti na mama, hakuwa amesilimu. Bado alikuwa na mti wake, na chini ya mti ule kila mwaka alimwaga unga wa mtama na kuwatajia waliokufa majina ya walio hai. Nilikuwa najua. Nilikuwa nikisimama chini ya mti ule tangu utotoni. Lakini nilikuwa pia nimetoka shule ya sekondari na kichwa kimejaa maendeleo, na siku zilikuwa zimebaki mbili.

Nilimwambia mambo ambayo sitayaandika yote. Nilimwambia ni yeye aliyeniandikisha vibaya. Nilimwambia anataka nibaki mjinga ili awe na mtu wa kumwagia unga. Mama alikuwa amekaa kizingitini, mwana wake wa pekee mbele yake na kaka yake wa pekee mbele yake, akawa anakunja na kukunjua upindo wa khanga. Mwisho nilianguka miguuni pa mjomba nikamshika vifundo vya miguu. Nilimwambia nikikosa chuo hiki nitajitupa baharini. Sikuwa natania, au sikujua kama natania.

Akamgeukia mama, akamwuliza jambo kwa Kimakonde: “Tumbo lako ndilo la mwisho kwetu. Nilifunge?” Ukoo wetu hupita kwa wanawake, na mwanamke wa kuzaa aliyekuwa amebaki ni mimi. Mama akajibu, naye kwa Kimakonde: “Asome.”

Neno moja tu, nami nikalifurahia. Mungu anisamehe, nililifurahia.

Ofisini karani alimwuliza kwa haraka haraka, maana foleni ilikuwa ndefu. “Mzee, huyu binti ni mwanao?”

Mjomba alisimama wima. Alinitazama mimi, hakumtazama karani. “Si mwanangu,” alisema. Karani akataka aseme kamili, kwa ajili ya kuandika. Basi akasema kamili, jina langu lote, lile la mama yake, na kwamba huyo si wake. Akatia dole gumba lake kwenye wino, akalikandamiza kwenye karatasi. Nje akanawa mkono bombani kwa muda mrefu kuliko wino ule ulivyostahili. Kisha akasema anawahi lori la Kitomanga.

Niliipata barua yangu imegongwa muhuri. Niliruka uani Mtanda kama mbuzi. Siku chache baadaye mama akaniambia, huku anachekecha unga wa mchele wa vitumbua, “Mjomba wako amekwenda kwenye mti. Amewaambia wazee.” Nilicheka. Nilisema wazee wamekufa, hawasomi mafaili ya wilaya. Mama akaendelea na unga wake.

Nilisoma, nikawa mwalimu, nikafundisha katika vijiji vya ujamaa vya wilaya ile ile, na ninajivunia hilo bila haya. Likizo nilikwenda Kitomanga. Mjomba alinipokea kwa furaha, alinichinjia kuku, alinifungia korosho za kurudi nazo. Ila hakuniita tena “mama”. Aliniita “mwalimu”. Mara ya kwanza nilidhani ananitania, mara ya pili nilidhani ananisifu, na mara ya tatu nilimwomba aniite kama zamani. Akaniambia kwa upole kwamba jina lile sasa halina mtu. Msimu wa kumwaga unga ulipofika hakuniita. Nilimwuliza kama kuna tambiko la kunirudisha. Alisema angelijua angelifanya siku ile ile. Nilikwenda hadi kwa wazee wengine wa ng'ambo waliokuwa wakiishi huku, mmoja mmoja, nikiuliza kama nilivyouliza habari za dole gumba. Wapo walionihurumia. Hakuna aliyekuwa amewahi kusikia mtoto wa dada akikanwa, kwa hiyo hakuna aliyejua anarudishwaje.

Mama alifariki mwaka wangu wa nne wa kazi. Alikuwa ameomba azikwe Kitomanga, karibu na kaka yake, na tulimzika huko Kiislamu kama alivyotaka. Shangazi alikuja kutoka Kilwa, naye kwa uzee wake alilia kuliko wote.

Siku ya kuondoa matanga, desturi ya kwao ilifuata. Watu wa ukoo wa marehemu hukaa chini mstari mmoja uani na kunyolewa nywele, ili waache kifo pale na kuanza upya. Nami nilifungua kilemba, nikakaa mwisho wa mstari, miguu nimeikunja. Walikuwapo mjomba, na binamu zake wawili wazee waliotoka mashamba ya mkonge, na mabibi ambao sikujua hata tunahusianaje. Mnyoaji alikuwa bibi mmoja wa kwao, mwenye ndonya bado mdomoni. Aliponifikia alitia maji kichwani pangu, akasita, akamtazama mjomba.

Mjomba alikuwa amekwisha kunyolewa. Alikuwa analia wazi, machozi yakifuata chale zake. Akamtikisia bibi yule kichwa, hapana. Bibi akanipangusa yale maji kwa kitambaa, taratibu, kama anavyopanguswa mtoto, akasuza wembe.

“Mwalimu,” mjomba alisema, “pale kwa wageni kuna kiti.”

Nikanyanyuka, nikaenda nikakaa kwenye kiti. Wakanipa chai. Uani mlikuwa na vichwa vya watu kumi na kitu, vimenyolewa, vinang'aa kwa jua la saa nne, na mtoto pekee aliyetoka tumboni mwa marehemu alikuwa ndiye mwenye nywele.